Muulize Mwalimu: Treni juu ya tope, maiti asiyeoza na gunia la piti mosi

Mwezi huu barua zimenijia kutoka Uingereza, Kenya na Kongo, na zote zinazunguka jambo moja: kinamasi. Nilisomesha jiografia Tanga kabla sijawafuata wanangu huku Salford, jirani na Manchester, kwa hiyo sikuhitaji kubembelezwa. Barua nimezifupisha kidogo.

Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Eccles na nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, Newton-le-Willows, kwa hiyo treni ni yangu asubuhi na jioni. Tukishapita Patricroft nyumba zinakatika ghafla, unabaki uwanda mweusi, mitaro iliyonyooka na miti myembamba yenye magome meupe. Bibi mmoja ninayemhudumia anasema reli ya pale haijakanyaga ardhi, inaelea. Ananitania? – Binti wa Tandale, Eccles

Marahaba binti. Hakutanii hata kidogo, na umwambie Mwalimu anamsalimia.

Pale mnapopita panaitwa Chat Moss. Ni kinamasi cha piti, yaani udongo mweusi uliotokana na mimea iliyokufa ikalala majini bila kuoza sawasawa. Kina ukubwa wa kilomita za mraba 27 hivi, karibu theluthi ya eneo lote la jiji la Salford, na penye kina kirefu piti ilifika mita 7 hadi 9. Barafu kuu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mabonde ambayo maji yake hayakuwa na pa kutokea. Matete yakaota humo, yakafa, yakarundikana. Rundo lilipoinuka juu ya maji ya ardhini, matete yakakosa chakula, na hapo ndipo alipoingia mwenye kinamasi hasa: sfagnamu, mmea mdogo laini wa ukoo mmoja na ule ukoga wa kijani unaotambaa kwenye kuta zenye unyevu.

Sfagnamu haina mizizi. Inaishi kwa maji ya mvua tu. Seli zake nyingi ni mfu, ziko tupu na zina vitundu, na kazi yao ni kuweka maji. Mmea huo ukiwa mkavu unaweza kunyonya maji yenye uzito mara 20 ya uzito wake. Kisha una hila. Unayafyonza madini machache yaliyomo kwenye mvua na kurudisha asidi, hadi maji yanakuwa makali kiasi kwamba mimea mingine inashindwa kuishi humo. Juu unaota, chini unakufa, na kilichokufa kinazama mahali pasipo oksijeni. Kwa mwenendo huo piti huongezeka kama milimita moja kwa mwaka. Baada ya maelfu ya miaka kinamasi huvimba katikati kikawa juu kuliko mashamba yaliyokizunguka. Ni kilima cha maji, na kinachoyazuia yasitiririke ni majani.

Sasa fikiria mtu anakuja kukwambia anataka kupitisha reli hapo. Mwaka 1825, mswada wa reli ya Liverpool na Manchester ulipokuwa ukijadiliwa Bungeni, mhandisi mmoja, Francis Giles, alitoa ushahidi kwamba hakuna mhandisi mwenye akili timamu ambaye angepita Chat Moss. Mswada ukaanguka. Mwaka uliofuata mswada mpya ukapitishwa, na George Stephenson, mhandisi wa reli hiyo, akaanza kazi. Vibarua walifunga mbao miguuni ili wasididimie. Mitaro waliyochimba ilijifumba yenyewe, ndipo wakachukua mapipa, wakayatoa vitako, wakayaunganisha mdomo kwa mdomo na kuyazika yawe mabomba. Upande wa Manchester walimwaga udongo kwa miezi na tope likawa linaumeza tu, mpaka wakurugenzi wa kampuni wakaanza kuulizana kama waache.

Kilichowaokoa ni kukubali kwamba chini hawatafika. Walitandika vichaka vya porini na matawi, juu yake majamvi ya fito zilizosukwa, halafu kokoto na kifusi, ndipo reli. Uzito wa treni ukasambaa badala ya kuchoma mahali pamoja. Kipande hicho kina urefu wa kilomita 7 na nusu hivi. Reli ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, na siku hiyohiyo mbunge William Huskisson akagongwa na injini iliyoitwa Rocket pale Parkside, jirani kabisa na kazini kwako. Kuna kumbukumbu yake kando ya njia. Treni yako ya asubuhi bado inapita juu ya tandiko lile. Kwa hiyo ndiyo, inaelea.

Hukuniuliza kwa nini uwanda ni mweusi, lakini nitakujibu maana ndilo linalonikera. Kinamasi kilicho hai si cheusi. Ni kijani, chekundu na hudhurungi, na mwezi Juni hujaa vishada vyeupe vya nyasi-pamba. Weusi unaouona ni piti iliyovuliwa nguo. Kuanzia mwaka 1805 hivi William Roscoe, tajiri wa Liverpool, alianza kukikausha ili apate mashamba. Huyu ndiye aliyekuwa mbunge wa mji uliotajirika kwa biashara ya watumwa na bado, mwaka 1807, akapiga kura ya kuikomesha. Namheshimu kwa kura ile. Kwa mitaro yake simheshimu, na hata yeye haikumfaa: benki yake ilianguka na mwaka 1820 akatangazwa muflisi. Waliomfuata waliendelea kuchimba mitaro.

Kisha ukaja wakati wa kinyesi. Manchester ya karne ya 19 ilikuwa na maelfu ya vyoo vya ndoo, na halmashauri ya jiji ilihangaika pa kumwaga. Mwaka 1886 ilinunua kinamasi cha Carrington, mwaka 1895 ikanunua shamba kubwa la Chat Moss. Uchafu ulipelekwa huko na kutawanywa kwa vitoroli vya reli nyembamba, pamoja na majivu na takataka za majumbani. Ardhi ikarutubika, saladi na viazi vikastawi. Mpaka leo ukipita kwenye mashamba yale baada ya kulimwa utaona vigae vya sahani za buluu na nyeupe na shingo za chupa za kale. Watu huviokota wakadhani pamewahi kuwa na kijiji. Ni jalala.

Lakini piti ikikaushwa inaanza kutoweka. Kwanza inasinyaa kwa kupoteza maji. Halafu hewa inaingia, bakteria waliokuwa wamelala wanaamka, wanakula kilichowekwa akiba miaka elfu na kukitoa kama hewa ya ukaa. Ukitaka kuliona hili kwa macho, nenda Holme Fen, Cambridgeshire. Mwaka 1851 nguzo ya chuma ilizikwa kwenye piti ya pale hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Leo nguzo hiyo imesimama wazi kama mita 4. Nguzo haijapanda. Mkulima wa piti iliyokaushwa kila mwaka analima chini kidogo kuliko mwaka jana, anachimbua mitaro upya, na shamba linashuka tena. Siku atakapogusa udongo wa mfinyanzi, mchezo umekwisha.

Katika vinamasi vya aina hii vilivyokuwapo Manchester na Lancashire, karibu asilimia 98 vimekwenda. Vilivyobaki ni viraka. Kimoja, Little Woolden Moss, shirika la hifadhi la Lancashire Wildlife Trust lilikinunua mwaka 2012 kikiwa kimechunwa na wachimbaji wa udongo wa bustani. Mimi huenda kujitolea huko, goti likiniruhusu. Kazi yenyewe ni ya kurudisha maji: kuziba mitaro, kuinua matuta ya piti ili mvua isiondoke, kuchomeka vichipukizi vya nyasi-pamba na sfagnamu. Ukiingiza koleo, bonge linatoka na rangi ya kahawia, na ndani yake unaona nyuzi za mimea iliyoota kabla ya Warumi kufika nchi hii, bado unaweza kuzivuta moja moja. Liache hewani dakika chache uone linavyogeuka jeusi ukiwa umelishika.

Na jirani, Astley Moss, mwaka 2020 walirudisha kipepeo ambaye wakusanyaji wa zamani walimwita kwa jina la Manchester. Alikuwa ametoweka kwenye eneo hili kwa miaka kama 150. Kiwavi wake anakula nyasi-pamba, na nyasi-pamba inataka miguu yake iwe majini. Ukikausha mtaro mmoja umemfukuza kipepeo, hata kama hukuwahi kumwona.

Jambo Mwalimu. Sisi tulitoka Uvira, tukaletwa Bolton. Mwanangu amerudi kutoka safari ya shule ya London anasema ameona maiti ya mtu wa miaka elfu mbili, ana ngozi, ana ndevu, na alitolewa kwenye tope karibu na Manchester. Mimi nimezika watu. Najua mwili unavyokuwa. Hii inawezekanaje? – Baba watoto, Bolton

Jambo ndugu yangu, na pole kwa uliyoyapitia.

Mwanao amesema kweli. Huyo ni mtu wa Lindow, yuko British Museum. Alipatikana tarehe 1 Agosti 1984 katika kinamasi cha Lindow, karibu na Wilmslow, kusini ya Manchester, na wafanyakazi waliokuwa wakichimba piti. Alikuwa na umri wa miaka 25 hivi, kucha zimetunzwa vizuri, na tumboni mwake palikutwa mabaki ya mkate wa nafaka uliounguzwa. Alipigwa kichwani, na shingoni alikuwa na kamba nyembamba iliyokazwa. Aliishi karibu na wakati Warumi walipoingia Uingereza. Kwa nini aliuawa hivyo, wataalamu wanabishana hadi leo. Wengi wanaona ni kafara.

Mwaka mmoja kabla yake kulitokea kisa ambacho hata mtunzi wa riwaya angeogopa kukiandika. Mei 1983, kinamasi hichohicho kilitoa fuvu la mwanamke. Polisi walikuwa wakimshuku mtu mmoja wa hapo ambaye mkewe alipotea zaidi ya miaka 20 nyuma. Kusikia fuvu limeonekana, akakiri kwamba alimuua na kumzika. Fuvu lilipopimwa likaonekana lina zaidi ya miaka 1,700. Haikuwa mkewe. Lakini maneno yalikwisha mtoka, na Desemba mwaka huo akatiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe.

Sasa sayansi yake. Kwetu pwani ya mashariki ya Unguja wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la ufukweni kwa miezi mingi, kisha huyafukua na kuyaponda wapate nyuzi za kusokotea kamba. Sehemu laini inakuwa imelegea, lakini nyuzi zinatoka imara, kwa sababu chini ya tope lile hewa haifiki na mla nyuzi hana nafasi. Kinamasi cha piti kinafanya hivyo na kinazidisha: ni cha baridi, hakina oksijeni, kina asidi, na sfagnamu inatoa sukari yake maalumu inayowafunga bakteria mikono na kuidabagha ngozi ya mtu kama wadabaghi wanavyofanya ngozi ya ng'ombe. Mfupa unapata kinyume chake. Asidi hula chokaa yake, hivyo mara nyingine hubaki ngozi na nywele huku mifupa imelainika au imekwisha. Nywele nazo hugeuka nyekundu, hata kama marehemu alikuwa na nywele nyeusi.

Kichwa kingine kilipatikana mwaka 1958 pale Worsley, pembeni ya Chat Moss, si mbali na kwenu. Naye aliuawa kikatili. Na kama wewe ulivyozika, nakuelewa ukiona vibaya mtu kuwekwa kwenye sanduku la kioo atazamwe na watoto wa shule. Mimi pia sijaizoea.

Mwalimu, mimi nauza miche ya nyanya, kabichi na hoho. Nasia kwenye trei kwa piti mosi ya kununua agrovet. Gunia limeandikwa limetoka Ulaya. Binti yangu aliye chuo anasema naharibu dunia. Ni udongo gani huo, na nikiuacha nitumie nini? – Mama Miche, Kirinyaga

Mama, binti ana hoja, ila angeanza na wakubwa kabla ya kumfikia mama yake.

Gunia lako ni kinamasi kilichokaushwa. Piti nyingi ya bustani inayouzwa duniani hutoka nchi za Baltiki, Finland, Ujerumani, Ireland na Kanada. Wachimbaji hukata mitaro, huchuna mimea ya juu, kisha hukwangua tabaka jembamba la piti lililokauka jua, tena na tena msimu mzima. Kwa kuwa piti hukua milimita moja kwa mwaka, trei yako yenye kina cha sentimita 5 ina kazi ya miaka 50. Uingereza yenyewe serikali ilitangaza mwaka 2022 kuwa itapiga marufuku kuwauzia watu wa bustani za nyumbani ifikapo 2024. Mwaka 2024 ulipita na sheria haikuonekana. Kwa hiyo usikubali kubebeshwa lawama peke yako.

Unaipenda kwa sababu ni nyepesi, inashika maji na haina magugu wala vimelea vingi. Kwa asili ina asidi kali, ndiyo maana wenye kiwanda huitia chokaa. Na utakuwa umeona ukiiacha ikauke kabisa inakataa maji, yanateleza juu.

Badala yake tumia kokopiti, unga wa makumbi, ambao unatengenezwa hapohapo Kenya, pwani. Kitu kimoja ukiangalie sana: chumvi. Makumbi yaliyoloweshwa kwa maji ya bahari huwa na chumvi ya kuua miche. Loweka, kamua, mwaga maji, rudia mpaka maji yanayotoka hayana ladha ya chumvi ukionja kwa ncha ya ulimi. Kokopiti peke yake haina chakula, hivyo changanya na mboji iliyoiva vizuri na kuchekechwa, sehemu moja ya mboji kwa tatu za kokopiti, kisha jaribu kwenye trei chache kwanza. Usihamishe biashara nzima kwa sababu ya gazeti. Na kwa kuwa kokopiti hukauka juu mapema wakati chini bado kuna maji, ingiza kidole kabla ya kumwagilia. Wengi huozesha miche hapo.

Mwalimu, ninasoma Bukavu. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wanatoa umeme kwa kuchoma tope. Hii ndiyo piti? Na sisi Kongo tunayo? – Mwanafunzi, Bukavu

Ndiyo hiyo, nao huiita nyiramugengeri. Mtambo wa Gishoma, upande wa Rusizi, ulijengwa kwa uwezo wa megawati 15, na mwingine mkubwa wa megawati 80 uko Gisagara, kusini mwa Rwanda. Burundi walikuwa na shirika lao la piti, ONATOUR, tangu mwaka 1977. Piti ya huko ni ya mafunjo na matete ya mabonde ya milimani. Inaungua, ila joto lake ni dogo kuliko la makaa ya mawe na majivu yake ni mengi. Siwezi kumsomea mtu asiye na umeme hotuba ya hewa ya ukaa, lakini hesabu ni ileile: ukichoma umechoma, wajukuu hawatakuta.

Ninyi Kongo, pamoja na jirani zenu wa Brazzaville, mna eneo la piti lililoungana kubwa kuliko yote ya nchi za joto. Mwaka 2017 timu ya wanasayansi wa Uingereza na Kongo zote mbili ilitoa ramani ya piti iliyo chini ya misitu ya bonde la kati: kilomita za mraba 145,500, kubwa kuliko England, na ndani yake tani bilioni 30 za kaboni. Huko hakuna sfagnamu. Ni miti na miwale, jamaa za michikichi, iliyoanguka kwenye maji yaliyosimama. Ukitaka sfagnamu panda Rwenzori, kwenye vinamasi vya juu. Ila hii ya bondeni ndiyo ya kuangalia, kwa sababu imekaa salama kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kuikausha. Ukisikia barabara, mafuta ya petroli au shamba la michikichi linapelekwa huko, swali la kwanza liwe: mitaro itapita wapi?

Naweza kuwapeleka wanangu kuona hicho kinamasi? Wadogo, sita na tisa. Hawatazama? – Mama Wawili, Irlam

Wapeleke, Little Woolden Moss iko upande wa Cadishead na kuna njia ya kutembea. Vaa mabuti ya mvua, hata kiangazi. Kubaki njiani ni lazima: tope la kumshika mtoto hadi mapajani lipo, na mitaro ya pembeni ina kina. Waoneshe mmea mdogo mwekundu wenye matone yanayonata kwenye majani. Unakamata wadudu na kuwala, kwa sababu udongo wenyewe haumpi chakula. Hata Uganda na Tanzania ndugu zake wapo. Usiwaache wauchume, nyumbani mmea huo utakufa kwa maji ya bomba.

Jiko la makaa la kutumia mara moja na kutupa liache nyumbani. Piti kavu ikishika moto huingia chini, ikawa inaungua taratibu bila ndimi, na kuja kutokea mahali pengine baada ya siku kadhaa, wakati wazima moto wamekwisha kunja mipira yao.